Nilivyomtafuta baba wa bibi harusi ndani ya kompyuta ya kuchapia kadi

Vijana mliomo humu, na nyie wakuu mnaojiita wazee wakati hata mvi hamjaota, nawasalimu wote.

Mie ni bibi wa Makorora, Tanga. Haya ntakayoyaandika yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Waliokuwepo siku ile bado wako hai na mmoja wao anasoma humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua.

Nimeona mwenzenu kauliza anaanzaje kutumia ile chat ya zamani, IRC, inayofunguliwa ndani ya programu ya kuandikia, ile Emacs. Mkamcheka. Mmoja kasema hayo ni mambo ya mabibi.

Haya, bibi nimekuja.

Kabla sijaendelea, mie shule sikusoma. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, daftari mapajani na mtoto mgongoni. Mkiona neno limepinda linyoosheni wenyewe tuendelee.

Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Madukani vitu vimejaa, sabuni za kila rangi, sisi ambao tulikuwa tukipanga foleni alfajiri kwa mche wa sabuni tulibaki kuzishangaa tu. Lakini kazi hakuna. Mwanangu Hamza alikuwa fundi mitambo. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akafunga geti.

Hamza akahangaika, mwisho akaondoka. Akaenda Ulaya, upande wa baridi kali, akapata kazi ya kufagia na kupiga deki chuo kikuu. Mkewe alikwishafariki. Akaniachia binti yao mmoja, Mariamu.

Mariamu alipofika miaka ishirini, yuko chuo cha uuguzi, ikaja posa. Kijana anaitwa Idi, kwao Ushongo, karani kwenye hoteli ndogo ya watalii. Watu wa staha, hawana makelele. Nikapokea. Siku ikapangwa, Ijumaa ya wiki iliyofuata baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwangu.

Nikaenda kwa Maalimu Bakari kumwarifu. Ndiye aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa mzima, Hamza akiwa mmojawapo. Nilidhani atasema inshallah, tunywe kahawa, basi.

Akaniuliza, "Idhini ya baba yake iko wapi?"

Nikamwambia, "Hamza yuko Ulaya, maalimu. Mie si mama yake? Mie ndiye niliyemlea binti."

"Umelea, Mungu akulipe. Lakini baba yu hai na akili zake anazo. Bila yeye kutoa idhini na kunipa uwakili, siozeshi. Hata ukiniletea biriani hapa kibarazani."

Sasa idhini naipata wapi? Barua inakwenda wiki tatu, na majibu wiki tatu nyingine kama haikupotea. Simu anakokaa hakuna. Ile namba ya jirani yake niliyokuwa nayo nilipiga mara moja, akapokea mama mmoja akasema maneno marefu, nami nikasema maneno marefu, tukaagana vizuri, hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Ila kwenye barua yake ya mwisho Hamza alikuwa ameandika hivi: mama, ukiwa na la haraka nenda kwa Zarina mwenye duka la kadi. Mwambie afungue IRC, anaijua. Mie kila Jumanne na Alhamisi saa kumi za huko huwa kwenye channel ya Watanzania, wanafunzi wa hapa wananiachia kompyuta yao nikipumzika. Jina natumia hamza_tanga.

Nilipoisoma mara ya kwanza hayo sikuyaelewa, nikayapita. Sasa nikayarudia mpaka karatasi ikalegea.

Zarina mnaweza kumwona hata leo. Wahindi wa Tanga wa zamani, babu yake aliuza vitabu na wino pale pale. Yeye alikuwa akichapa kadi za harusi kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe kuukuu, haikuweza picha wala rangi, ni kioo cheusi na maandishi meupe. Kila kitu alikifanya ndani ya ile programu ya kuandikia: kadi humo, barua humo, hata hiyo chat humo humo. Kaka yake aliyesomea mambo hayo ndiye aliyemwekea.

Jumanne saa kumi kasoro niko dukani. Zarina akaunganisha simu na kisanduku cha kuingilia mtandaoni, kikalia kama paka aliyebanwa mlangoni.

"Bi Mwanaidi, chagua jina la kuingilia."

"Mwanaidi binti Salimu."

"Ni refu. Liwe neno moja tu."

"Niingie bila jina la baba yangu? Watajuaje mie ni wa nani?"

"Humu hakuna anayemjua baba wa mtu, Bi Mwanaidi."

Nikaona hapa pameanza kuharibika mapema. Akaandika mwanaidi, herufi ndogo tupu, kama jina la kikapu.

Basi pakafunguka ukurasa. Wakuu, nilichokiona sikukielewa, na sitawadanganya kwamba baadaye nilielewa sana. Maneno yanapanda yenyewe. Kila mstari una jina la mtu mbele. Huyu anasema Kizungu, yule Kiswahili, wa tatu anacheka kwa herufi, na wote wanasema kwa pamoja juu ya mambo tofauti. Chini kabisa kuna kamstari kamoja ndiko unakoandika wewe. Nikamuuliza Zarina watu hao wako wapi. Akasema kila mmoja kwao, nchi mbalimbali. Nikauliza, na hayo wanayoyaandika wote wanayaona? Akasema wote.

Nikasema basi ni baraza. Baraza najua namna ya kuliingia.

Nikaandika kwa kidole kimoja: Hodi.

Zarina akabonyeza Enter. Kimya. Wakaendelea na mazungumzo yao ya mpira.

Nikaandika tena: Hodi wenyewe.

Hakuna.

Mara ya tatu: Hodi, namtafuta Hamza.

Hakuna aliyesema karibu. Mmoja akaandika neno la Kizungu, Zarina hakutaka kunisomea.

"Funga," nikamwambia.

"Subiri kidogo, Bi Mwanaidi, mtandao wa huku unachelewa. Huenda..."

"Nimepiga hodi tatu. Mtu akipiga hodi tatu hakuitikiwa anarudi alikotoka. Funga."

Akafunga. Nikavaa viatu, nikaenda zangu kwa hasira, nimeapa kwamba mwanangu hayumo mle na wale waliomo hawakulelewa.

Asubuhi ya Jumatano Zarina huyo, kaja mwenyewe mpaka Makorora na karatasi mkononi. Sijamkaribisha kukaa kanambia, "Alikuwemo."

Nyie vijana mnajua hili, mie sikulijua. Ile chat kwa kuwa imo ndani ya programu ya kuandikia, ukiifunga maneno hayapotei. Ukurasa unabaki kama barua, unaupanda na kuushuka utakavyo. Zarina asubuhi alipofungua kadi zake akaukuta ukurasa wa jana. Chini ya hodi yangu ya tatu, kabla mtandao haujakatika kabisa, palikuwa na mistari hii, kainakili kwa kalamu:

hamza_tanga: karibu mama

hamza_tanga: nilikuwa naondoa ndoo njiani

hamza_tanga: mama?

hamza_tanga: mama usiondoke

Nilikuwa napepeta mchele wa harusi. Nikauweka ungo chini.

Mwanangu nilikuwa sijamwona miaka minne. Kaitika, nami nimeshampa mgongo.

Siku iliyobaki ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ndoa. Alhamisi ile nikimkosa Hamza, watu wa Ushongo wanashuka na vyombo vyao kesho yake, na maalimu hafungui mdomo.

Nikamwambia Zarina safari hii tunajiandaa. Nikawaza, labda wale wa barazani walinichunia kwa sababu niliingia nikatangaza shida yangu bila kumsalimu mtu. Hilo kosa langu, nalikubali. Kwetu unasalimu kwanza, mmoja mmoja, unauliza nyumbani, watoto, afya, ndipo unafika kwenye jambo lako. Zarina akayatoa majina yote yaliyokuwemo Jumanne, nami nikakaa namtajia salamu za kila mmoja, yeye anaziandika kwenye ukurasa wa pembeni. Za jioni kaka fulani, hujambo na nyumba yako. Za jioni dada fulani, watoto hawajambo. Wote! Hata yule wa Kizungu kibaya nilimsalimu.

Kisha nikamwita Maalimu Bakari awepo asikie idhini kwa masikio yake, au kwa macho, sijui niseme vipi. Na nikamchukua Mariamu. Najua mwali siku moja kabla ya ndoa hatoki nje, msinifundishe. Lakini nilitaka mtu wa damu yangu anisomee Kizungu, kwa sababu Zarina ana adabu mno, mengine anayameza.

Saa kumi tukaingia. Zarina akauchukua ule ukurasa wa salamu, wote kwa mkupuo, akaumwaga kule barazani.

Salamu zikashuka kama mchele wa gunia lililopasuka. Sijafika hata katikati kuzisoma, pakatokea mstari wa nyota nyota na kioo kikatulia tuli.

"Kasemaje?" nikauliza.

Mariamu akasoma. "Umetolewa, bibi."

"Nani kanitoa?"

"Si mtu. Kuna programu inayolinda. Mtu akiandika mistari mingi kwa haraka inamfukuza, inadhani ni mhuni."

"Kwa kusalimia?"

Maalimu Bakari akakohoa kwenye kanzu yake. Nilimsikia.

Zarina akajaribu kuturudisha, tukakataliwa mlangoni. Kajaribu tena, tena tukakataliwa. Akasema tungoje muda fulani, haujui ni muda gani. Mie sikuweza kungoja. Nikaivuta ile kibodi, nikaandika kwa nguvu zangu zote: HAMZA MWANANGU NIMEFUKUZWA TOKA NJE UONANE NA MAMA YAKO. Nikabonyeza Enter. Nikaandika tena. Na tena.

Zarina akanishika mkono taratibu. "Bi Mwanaidi, hapo ni kwenye kadi."

Kumbe alipokuwa akijaribu kuturudisha kaugeuza ukurasa. Nilikuwa naandika katikati ya kadi ya harusi ya watu wa Pangani, kati ya jina la bwana harusi na mahali pa karamu. Aliyafuta kabla ya kuchapa, au ndivyo alivyonambia.

Hapo ndipo Mariamu akasema, "Da Zarina, hilo jina chini kabisa ni la nini?"

Kwenye ule mstari wa chini wa kioo, ambao mie nilidhani ni pambo, palikuwa pameandikwa hamza_tanga. Zarina akapiga kelele. Akashika Ctrl akabonyeza x, kisha b, ukurasa mwingine ukaja mbele. Hamza aliona mama yake katupwa nje ya baraza, akatufuata kwa mazungumzo ya faragha. Programu ikamfungulia ukurasa wake peke yake, nyuma ya kadi, wala haikutwambia ila kwa yale maandishi madogo. Alikuwa kasimama pale muda wote anaongea na ukuta.

hamza_tanga: shikamoo mama

hamza_tanga: mama mimi niko huku

hamza_tanga: mama umesalimia watu wote hao?

Nililia, sitaki kusema uongo. Nikaandika marahaba. Kidole kikaruka herufi, ikatoka marahba.

Lakini Maalimu Bakari akainua mkono. "Ngojeni. Nitajuaje ndiye? Kila mtu anaweza kujiita Hamza." Akamwambia Zarina aandike: Hamza, siku niliyokuchapa kwa kuharibu Yasini nilitumia nini, fimbo au kiatu cha kubadhi?

Tukangoja. Mie nikawa naomba dua kimoyomoyo.

hamza_tanga: shikamoo maalimu. hukunichapa. niliruka dirisha ukamchapa athumani

Maalimu akacheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. "Ndiye huyu! Mshenzi huyu ndiye!"

Nikaona mambo yamekwisha. Nikamwandikia Hamza kwa kirefu: kijana fulani, kwao fulani, ndoa kesho, maalimu yupo hapa, mpe uwakili. Nilichukua muda kwa kidole changu kile. Zarina alitaka kunisaidia nikamkatalia, jambo hili niandike mwenyewe.

Jibu likaja.

hamza_tanga: mariamu kasemaje?

Nikaandika: Nilimuuliza. Alinyamaza.

Hii kwetu inaeleweka. Mwali akiulizwa, akainama akanyamaza, keshakubali. Ni haya yake. Mie niliolewa hivyo, na mama yangu hivyo. Maalimu akatikisa kichwa kwamba sawa kabisa.

hamza_tanga: yupo hapo? mpe aandike

Mariamu akasogezwa kwenye kiti. Zarina akamwelekeza pa kuandikia. Mariamu akaweka mikono mapajani, akainama.

Akanyamaza.

Maalimu akasema kwa upole, "Basi. Hilo ndilo jibu lake."

Kwenye kioo:

hamza_tanga: mama?

hamza_tanga: mmekatika?

Nikamwandikia, hatujakatika, Mariamu yuko hapa kanyamaza, maalimu kashuhudia, toa idhini.

Hamza akajibu, na haya nayakumbuka kwa sababu Zarina alinitolea kwenye karatasi, ninayo:

hamza_tanga: mama mimi huku sioni mtu aliyenyamaza. naona ukurasa mtupu. ndivyo unavyokuwa mtandao ukikatika na ndivyo unavyokuwa mtu asipotaka. siwezi kujua ni kipi. aandike

Nikakasirika. Nikasema kwa sauti, hajui desturi tena huyu, baridi imemwingia kichwani. Mariamu kainama vile vile. Zarina kageukia rafu ya bahasha, kama anayetafuta kitu. Saa inakwenda.

Kisha Mariamu akanyanyua mkono mmoja. Akaanza kuandika. Aliandika haraka, amesoma yule.

mwanaidi: shikamoo baba ni mimi mariamu

mwanaidi: idi simkatai

mwanaidi: nataka nimalize uuguzi kwanza umebaki mwaka mmoja. nikienda ushongo siwezi kurudi chuo. baadaye nilimwambia bibi akasema chuo hakina miguu hakikimbii

Mlioelewa mmeelewa. Maneno yale yalikuwa yanatoka kwa jina langu. Mwanaidi, mwanaidi, mwanaidi, kila mstari. Nilikaa nikiyasoma kama vile mie ndiye niliyeyasema na sikumbuki.

Nikamuuliza, "Mbona hukunambia siku ile ya posa?"

"Ulikuwa umeshapokea, bibi. Nilidhani unaniarifu."

Nikageukia kioo.

hamza_tanga: maalimu samahani. idhini ya kesho sitoi. natoa ya siku atakayomaliza chuo, kama watangoja

Nikaikamata kibodi: Hamza, mchele umepepetwa! Watu wamealikwa! Nitawaambia nini wa Ushongo?

hamza_tanga: mama usianze

Hapo hata bila Yasini ya maalimu ningejua ni mwanangu.

Maalimu Bakari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kimya ni jibu pale ambapo hakuna neno. Neno likipatikana, kimya kinakaa pembeni. Akaniaga akaenda kuwahi msikitini.

Kilichofuata nakisema kwa kifupi, bado kinaniuma. Jioni ile ile nilikwenda kwa mama yake Idi, alikuwa kafikia kwa nduguye hapa hapa Tanga kwa ajili ya shughuli. Nikamweleza. Akaniuliza, "Yaani kompyuta ndiyo imekuja kuvunja ndoa? Ndiko tulikofika, Bi Mwanaidi?" Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hawakungoja. Baada ya miezi michache Idi akaoa Muheza.

Na Mariamu alilia, wakuu. Alikuwa akimtaka yule kijana, kasema mwenyewe simkatai. Chuo alimaliza, akawa muuguzi, leo ni mkubwa wa wodi ya wazazi na ana mume mwingine na watoto watatu. Anasema hajutii. Lakini wiki zile alikuwa akilia jikoni, nami nimesimama mlangoni sijui nimuombe radhi au nimkaripie. Mpaka leo nikifikiria sijui kama nilimponya au nilimharibia. Labda yote mawili.

Sasa wewe kijana uliyeuliza unaanzaje. Chukua jina fupi, halitakuua. Usimwage maneno kwa mkupuo, hata yawe ya heri. Tazama ule mstari wa chini kila mara, huenda kuna mtu nyuma ya ukurasa wako anakuita. Kabla ya Enter hakikisha huko ulipo ni kwenye chat wala si kwenye kadi ya watu. Na usipojibiwa, usione umedharauliwa wala usione umekubaliwa. Hujajua kitu bado.

Mwenye la kuuliza aulize, mwenye la kunipinga anipinge, ila kwa adabu. Hasa nyie wenye mabinti nataka kuwasikia, nyumbani kwenu mnaulizaje?

Mie asubuhi ya ile Ijumaa niliwaita wote uani, wanangu, wakaza wanangu, wajukuu, masufuria ya kuazima yamepangwa ukutani, kuni zimeshapasuliwa. Nikawaambia: "Kuanzia leo msichana wa nyumba hii akiulizwa jambo lake ajibu kwa mdomo wake, watu wasikie. Akinyamaza, muulizeni tena. Akinyamaza tena, jibu ni hapana, na mgeni apewe chai aende kwao salama. Haya, nyanyukeni, rudisheni masufuria ya watu."